Rust inaniambia faili halipo wakati lipo, na cargo update haileti rand mpya. Naombeni msaada

Mgeni_Mzigoni
Wakuu habari za jioni. Nina wiki ya tatu najifunza lugha ya programu ya Rust natokea Python, natengeneza kaprogramu ka upatu wa kina mama hapa mtaani, wako 14, kila mwezi mmoja anapokea na zamu zinapangwa kwa kura ndo maana nikaongeza rand, maktaba ya kuchagua kwa bahati nasibu. Ndani ya src nina main.rs, malipo.rs na wanachama.rs. Kwenye main nimeandika mod malipo. Ikakubali, sasa malipo.rs inahitaji struct (muundo wa data) ya Mwanachama nikaweka humo mod wanachama. Nikijua ni kama import ya Python, kompaila ikanitupia kosa E0583 eti faili la wanachama halipo, na mimi naliona pale pale kwenye folda, nimekagua hadi herufi za jina.

Pili, kwenye Cargo.toml, faili la kutaja maktaba ambazo cargo (chombo cha Rust cha kushusha maktaba na kujenga programu) izilete, nina rand = "0.8", maelezo mapya ninayosoma yanatumia rand::rng() na kwangu haipo, nimepiga cargo update mara 3 bado iko 0.8. Jamaa mmoja kaniambia futa Cargo.lock na target uanze upya, nimefuta, ikaanza kushusha vitu tena hadi bando likakata na tatizo liko vile vile. Nieleweshwe jamani, sitaki kukopi tu.

Kamba_Nene
Tengeneza folda src/malipo uhamishie wanachama.rs humo, itakubali.

Nahodha77
Itakubali kweli ila atakuja kuteseka, maana wanachama watakuwa chini ya malipo na main ikiwahitaji lazima ipitie malipo kwanza.

Mkuu shida ni hiyo mod. Sio import, ni tamko. Unamwambia kompaila nina moduli ya jina hili kaichukue, na yeye anatafuta kulingana na mahali ulipotamkia. Ukitamka ndani ya main.rs anaangalia src/wanachama.rs, ukitamka ndani ya malipo.rs anaelewa huyu ni mtoto wa malipo kwa hiyo anaenda src/malipo/wanachama.rs na huko kweli hakuna kitu. Soma ujumbe wa kosa hadi chini, njia anayoitafuta anakutajia. Rust haijali nini kimelala kwenye folda, inajali mti ulioutamka kuanzia main.rs, hili ndo likikukaa kichwani mengine yanakuja yenyewe.

Kwa hiyo main.rs:

mod malipo;
mod wanachama;

na malipo.rs:

use crate::wanachama::Mwanachama;

Hiyo crate ni mzizi wa programu yako. Na struct iandike pub struct Mwanachama, bila pub haitoki nje ya moduli yake. Ukikutana na masomo yenye extern crate kila mahali jua ni ya kabla ya Rust 1.31 ya Desemba 2018, yaache kwanza.

BintiShamba_Dev
Naongezea la rand. Ukiandika "0.8" unaruhusu kuanzia 0.8.0 hadi kabla ya 0.9.0. Ingekuwa "1.2" ungeruhusiwa kwenda mpaka kabla ya 2.0.0, ila ikianza na sifuri namba ya pili ndo inahesabika kama badiliko kubwa. cargo update inaheshimu mpaka huo hata uipige mara mia, badilisha mwenyewe Cargo.toml iwe "0.9". Toleo hilo limebadilisha majina, thread_rng imekuwa rng, gen_range imekuwa random_range, kwa sababu neno gen lilitengwa na lugha yenyewe kwenye edition 2024 (awamu ya kanuni za lugha). Kwa kura ya zamu wala huhitaji namba, weka use rand::seq::SliceRandom, halafu

orodha.shuffle(&mut rand::rng());

Na huo ushauri wa kufuta Cargo.lock umenikera aisee. Hilo faili ndo linashikilia matoleo kamili unayotumia, ukilifuta cargo inachagua upya matoleo mapya yanayoruhusiwa na kuyashusha, ndo bando lako lilipoendea. Target ni kazi iliyokwisha kompailiwa tu, ukiifuta unapoteza muda lakini sio bando kwa sababu vilivyoshushwa vinakaa ~/.cargo/registry na miradi yako yote inavitumia. Ukipata waifai piga cargo fetch, ukirudi nyumbani cargo build --offline. Na Cargo.lock iweke kwenye Git.

Mgeni_Mzigoni
Mungu awabariki, E0583 imeondoka na kura imepangika nimeshaiona orodha. Kumbe nilikuwa nalazimisha mod ifanye kazi ya use. Imebaki E0616, malipo.rs ikigusa m.jina na m.salio inasema ni private wakati struct nimeshaiwekea pub.

Nahodha77
pub ya struct haifungui vilivyomo ndani, kila kimoja kinaandikiwa chake. Jina liwekee pub halina neno. Salio mi ningeliacha limefungwa, ndani ya wanachama.rs weka impl (sehemu ya kuandika kazi za struct) yenye pub fn ongeza_mchango na nyingine ya kusoma salio, ili hela za hao kina mama zibadilike kupitia sehemu moja tu, siku hesabu ikigoma unajua faili la kufungua.

Mgeni_Mzigoni
Naiandika hivyo hivyo sasa hivi mkuu.