Afisa bora wa probesheni apimwe kwa kipimo gani?

Swali: Wakuu, kituo chetu cha probesheni (uangalizi wa wakosaji nje ya jela) hapa Kenya kinaanza taarifa ya kila mwezi yenye pongezi kwa afisa bora. Tutumie kipimo gani?

Jibu: Msihesabu tu ripoti ambazo afisa huiandikia mahakama kuhusu mshtakiwa. Afisa ataharakisha, aruke ziara ya nyumbani na maoni ya mwathiriwa, kisha hakimu arudishe ripoti. Angalieni ripoti zilizofika kabla ya tarehe ya kesi, na wateja (wakosaji walio chini ya uangalizi) waliomaliza amri ya probesheni bila kukiuka masharti. Amri ya probesheni huenda hadi miaka 3, kwa hiyo mwezi mmoja hauonyeshi mengi. Bora robo mwaka.

Jibu: Kwenye taarifa ondoeni jina la mteja, kijiji na namba ya kesi. Mashinani hata kosa lenyewe humtambulisha mtu.

Jibu: Na wanaosimamia wakosaji wa huduma kwa jamii (adhabu ya kufanya kazi za umma bila malipo), je? Husahaulika kila mara.