Mrejesho: Edward ameweka funguo mezani

Mwezi uliopita niliwauliza kwa nini Edward wa hadithi yangu ya kishabiki, ile ninayoiandikia wahusika wa Twilight (riwaya za binti Bella na mpenzi wake Edward, vampaya, yaani mnyonya damu asiyezeeka), anajuta kila sura na habadiliki. Mmoja wenu alinijibu kavu: "Kujuta si kukua, dada." Iliniuma siku mbili, halafu nikakubali.

Nilirudi mwanzo wake. Aligeuzwa vampaya Chicago mwaka 1918, akiwa na miaka 17, homa ya mafua ikimmaliza. Wazazi wake walikufa kwa homa hiyohiyo. Sisi huku Kisumu matanga hukaliwa na watu. Nikajiuliza, yeye alikaa na nani? Karne nzima kijana wa miaka 17 anaogopa kuachwa, na hofu hiyo anaiita ulinzi!

Basi nikaandika upya tukio moja tu. Zamani Bella akitaka kwenda kwa rafiki yake Jacob, Edward alificha funguo za gari, kisha kurasa tatu za majuto. Sasa mkono unaingia mfukoni, unazishika, unakawia. Anaziweka mezani. "Utarudi saa ngapi?" Hajibiwi, na hamfuati.

Rafiki yangu aliisoma ndani ya matatu, akapitishwa steji yake ya Kondele. (Nauli ya kurudi ananidai mimi.)

Kilichobaki ni Bella. Anasamehe upesi mno, kama mtu anayewahi gari la mwisho. Sura ya tisa atakasirika, na sitamharakisha.

Asanteni, hasa wewe uliyenijibu kavu.