Karani wa mizani achaguliwe kwa macho? Tujadili, wana Kusini

Wadau, salamu. Niko Tandahimba, na hili limenikaa kooni tangu wiki iliyopita.

Chama chetu cha msingi cha wakulima kinatafuta karani wa mizani kabla msimu wa korosho haujaanza. Alikuja binti mmoja, kamaliza kidato cha nne, hesabu anazijua. Akaamkia, akakaa ukingoni mwa benchi, na muda wote wa maswali alikuwa anatazama kidole gumba cha mguu wake kikichora mchangani. Majibu aliyatoa vizuri, kwa sauti ndogo. Alipotoka tu, mzee mmoja wa kamati akasema, "Huyo hapana. Asiyekutazama machoni ana jambo." Wenzake wakaitikia. Yakaishia hapo.

Sasa tukumbushane. Karani wa msimu uliopita alikuwa anakutazama machoni mpaka wewe ndiye unaona aibu. Anatabasamu, anakuita mjomba, anauliza hali ya mama. Gunia nililolipima nyumbani likawa kilo 80, kwake likasoma 77. Nilipouliza, hakupepesa: "Unyaufu, mjomba." Unyaufu wa usiku mmoja! Wahenga wanasema uso umeumbwa na haya. Wa yule bwana nadhani ulipitwa siku ya kugawa. Na tulimpenda hivyo hivyo, tukamsifu kwamba ni mchangamfu.

Binti wa huku anafundwa tangu unyagoni: mbele ya wakubwa, macho chini. Akikodoa tunasema ana macho makavu, hakufundwa. Akiinamisha tunasema mwizi. Sasa ayaweke wapi?

Najua hoja ya upande wa pili, wala si ya kipuuzi. Hata hakimu sheria inamruhusu kuandika jinsi shahidi alivyoonekana akitoa ushahidi. Na mwenye duka asiyewajua watu atafilisika kwa mikopo. Sikatai kwamba uso una habari. Utakuambia mtu ana hofu, amelia, hajalala, ana njaa. Sababu yake haimo. Na mwenye duka yule, mchunguzeni: anayemkopesha ni mtu aliyelipa mwaka jana. Anasoma daftari, halafu anasema amesoma macho.

Wapo waliopima jambo hili. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Charles Bond na Bella DePaulo, walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi za watu kutambua nani anasema uongo na nani kweli. Kwa wastani walipatia mara 54 katika 100. Ukirusha shilingi hewani unapata 50. Yaani ujuzi wote wa kusoma sura umeizidi shilingi kwa pointi nne!

Tena mchezo huu umeua watu. Kanda ya Ziwa bibi zetu wamekatwa mapanga kwa kuitwa wachawi, na ushahidi ni macho mekundu. Macho yaliyoiva kwa miaka ya moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe jikoni. Msiseme hiyo ni habari ya huko. Hapa kwetu nani ana macho mekundu? Shangazi anayechoma korosho za kubangua nyuma ya nyumba. Mafuta ya ganda yakishika moto, moshi wake unakata macho kama pilipili, anageuza uso pembeni, anapangusa kwa pindo la kanga, anaendelea kukoroga. Mgeni akimkuta jioni ile atasema nini?

Pendekezo langu ni dogo. Mwiteni tena yule binti, mpeni magunia matano, mizani na daftari, apime mbele ya wanachama, kisha tuyarudie kwa mizani nyingine. Nusu saa haifiki.

Na ninyi mnaosema macho hayadanganyi, karibuni, ila anzeni na hili: ya karani wetu wa mwaka jana mliyasoma nini?