Kaka amefungwa kwa kosa la mtu mwingine, nianzie wapi?

DadaMtu: Wakuu, kaka yangu ana mwaka wa sita ndani kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Usiku wa tukio tulikuwa naye nyumbani, tunapokezana kumbeba mwanangu aliyekuwa na homa. Mahakama ikasema mimi ni ndugu, lazima nimtetee. Aliyemfunga ni shahidi mmoja, eti alimtambua kwa mwanga wa tochi. Tochi yenyewe aliishika jambazi, akammulika nayo shahidi usoni! Nakala ya hukumu nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Rufaa ya kwanza ilitupwa, wakili hapokei simu, na juzi kaka kaniambia nisiende tena kumwona, nilee mtoto.

Karani_Mstaafu: Pole sana dada. Achana na hukumu kwanza, tafuta mwenendo wa kesi, ndimo yalimo maneno ya kila shahidi. Kisha maelezo ya kwanza ya huyo shahidi polisi. Alitaja sura, kimo, nguo? Au kumbukumbu ilimjia baada ya kaka yako kukamatwa? Gwaride la utambuzi lilifanyika, yaani shahidi kumchagua mtuhumiwa kati ya watu waliopangwa mstari? Maelezo ya polisi yakigongana na ya kizimbani, hapo una pa kushika. Muda wa rufaa ukiwa umepita, muulize wakili kuhusu kuomba nje ya muda. Mtaulizwa mlichelewa kwa nini, kwa hiyo tunza kila risiti na kila barua.

Mzee wa Faili: Msome Betty Anne Waters wa Marekani. Kaka yake, Kenneth, alifungwa maisha mwaka 1983 kwa mauaji. Dada mtu, aliyekuwa ameacha shule, akarudi darasani mpaka akawa wakili. Damu iliyokuwa imehifadhiwa mahakamani ikapimwa vinasaba, haikuwa ya Kenneth. Akatoka 2001. Sikutumi ukasomee sheria. Uliza vielelezo viko wapi leo, kwa maandishi, kabla havijateketezwa. Na kwa kaka usiache kwenda, ila nenda na maswali. Yeye alikaa kizimbani siku zote zile, wewe ulikuwa nje.

DadaMtu: Mzee, umenikumbusha kofia. Iliokotwa eneo la tukio, ni kielelezo namba tatu. Kaka alivalishwa mahakamani ikamkaa juu ya utosi kama kifuniko cha birika, watu wakacheka, kesi ikaendelea. Sijasikia ikipimwa jasho wala nywele.

Karani_Mstaafu: Asiiguse mtu. Barua iende kesho, ibaki nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

DadaMtu: Naiandika sasa hivi, mtoto kalala.