Dogo anakunywa pombe wakati wa break kiwandani, niripoti au nimuonye tu? (Tanga)

Upepo_wa_Kusi: Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, mwenye matusi apite tu maana hii siku ya nne sina usingizi. Nipo kiwanda kimoja cha mkonge huku Tanga, sitakitaja. Kuna dogo yuko brashi, mashine ya kuchana singa (nyuzi za mkonge), miaka 23, mchapakazi kwelikweli, ila ikifika break ya saa sita wenzie wanaenda kwa mama ntilie kula bada, yeye anazunguka nyuma ya waya za kuanikia singa, huko kuna jamaa anakuja na baiskeli ana mirungi kaifunga kwenye jani la mgomba pamoja na vichupa vya konyagi. Dogo anamimina konyagi kwenye chupa yake ya chai ya tangawizi, anakunywa taratibu, halafu anatafuna pipi za minti. Akirudi anaongea sana, ikifika saa nane anasinzia amesimama. Sasa niripoti ofisini afukuzwe au nimuonye tu yaishe? Ana mtoto mchanga.

Kapteni Sahare: Break ni muda wake. Sheria ya Ajira ya 2004 inasema ukipiga kazi zaidi ya saa 5 mfululizo unapewa angalau saa 1 ya kupumzika, na hiyo saa mwajiri halazimiki hata kuilipa. Sasa unamfatilia kama nani?

Mama Majani Mapana: Kapteni, saa ni yake lakini pombe haitoki tumboni kengele ikilia, anarudi nayo kwenye mashine. Marehemu mume wangu enzi za viroba, zile pombe kali za vifuko, alikuwa anaficha viwili kwenye soksi, namfulia navikuta. Vilipopigwa marufuku Machi 2017 nikachinja kuku nikijua nimepona, wiki ya pili tu akahamia gongo. Nimelea watoto watatu peke yangu. Usimfiche huyo mtoto, mimi nilimficha sana wa kwangu.

Abuu Chumbageni: Vijana wa sasa msikitini hawaonekani, ndio matokeo yake haya.

Mzee wa Korona: Kijana, mkonge nimeufanyia kazi miaka 19, naomba nikuulize. Wewe ni nani hapo? Maana umri wa mwenzio unaujua, mtoto wake unamjua, na mtu hakosi usingizi siku nne kwa ajili ya mtu baki.

Upepo_wa_Kusi: Shikamoo mzee. Ni kweli, mimi ndio nyapara wao. Na dogo ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kazi nilimtafutia mimi. Wiki iliyopita presi, mashine ya kufunga marobota, ilimbana kidole, ncha na kucha vimekwenda. Nilipoinama kumfunga kitambaa nikaisikia harufu usoni kwangu. Kwenye fomu ya ajali nikaandika kizuizi cha mashine kilikuwa kimelegea. Ningefanyaje? Ningeandika ukweli angefukuzwa siku ileile na fidia asingeiona. Msinihukumu, mwenye mke atanielewa.

Fundi_Gofu: Hii chai. Mwanzo yuko brashi, sasa kidole kimebanwa na presi, vitu viwili tofauti kabisa. Mods fungeni uzi watu wakalale.

Binti Makorora: 😂😂 kumbe ile chai ya tangawizi alikuwa anatunywesha sisi

Upepo_wa_Kusi: Sio chai dada, naapa. Alikuwa presi. Baada ya kuumia nikamhamishia brashi kwa sababu presi kuna mzee ameshaanza kumnusanusa, brashi kuna kelele na vumbi hakuna anayemsogelea mtu. Na ni kazi nyepesi, anasimama tu analisha singa.

Mzee wa Korona: Mwe! Nyepesi? Ile ngoma inazunguka na meno yake, fungu la singa unalishika mwenyewe kwa mkono, unaingiza upande mmoja ichane, unavuta, unageuza, unaingiza ule uliokuwa umeushika. Singa ikishajizungusha kidoleni haikatiki, ndio maana watu wanasokotea kamba za meli, inaondoka na mkono. Halafu huyo wako ana kitambaa kidoleni na anasinzia! Mimi nilishamshika mwenzangu kiunoni navuta huku mwingine anakimbilia swichi, mpaka leo feni ya nyumbani ikianza kuzunguka nageuka kuiangalia. Mtoe hapo kesho kabla hawajawasha.

Nesi wa Zamu: Kaka, mbali na pombe na mirungi kuna vidonge anatumia?

Upepo_wa_Kusi: Ana tramadol mfuko wa shati. Anasema za mgongo, wanauziana hukohuko kwa wa baiskeli.

Nesi wa Zamu: Tramadol na pombe vyote vinapunguza nguvu ya kupumua, anaweza kulala asiamke. Ila msimfungie ndani mkamkatisha vyote kwa mpigo, anaweza kupata degedege. Mpeleke hospitali ya Bombo aanzie kwa watu wa afya ya akili na mwende na hivyo vidonge wavione. Mtaambiwa habari za dawa ya methadone mtaani, hiyo ni kwa wenye uraibu wa heroini na jamii yake, daktari ndio ataamua kinachomfaa.

Fundi_Gofu: Nimerudi. Kama sio chai basi ni mbaya zaidi. Mimi ni fundi wa mashine, kizuizi kikiandikwa kimelegea anayeitwa ofisini ni fundi wa zamu, ataulizwa alikagua lini na alisaini wapi. Umemuokoa shemeji kwa shingo ya mtu mwingine, huyo fundi umemwambia?

Upepo_wa_Kusi: Sijamwambia. Sikumfikiria kabisa.

Upepo_wa_Kusi: Wakuu, nimeshampigia msaidizi wangu, kesho dogo hagusi brashi, anakuja na mimi Bombo. Kuhusu fomu, bado iko kwenye begi langu, meneja alisafiri, nilikuwa naipeleka kesho. Mke wangu anasema nikiibadilisha nisirudi nyumbani.

Fundi_Gofu: Kumbe haijaenda! Huyo fundi ana familia?

Upepo_wa_Kusi: Ana watoto wanne.