Kidhibiti cha breki za umeme za tela: nichague kipi kwa Tundra ya 2010?

Mkata_Nyasi_TX

Habari zenu wanajamvi. Ninaishi Fort Worth, Texas, na kazi yangu ni kukata nyasi na kutunza bustani za watu. Nina pikapu ya Toyota Tundra ya mwaka 2010, na hivi karibuni nimenunua tela la ekseli mbili ambalo uzito wake wa juu, pamoja na mzigo, ni pauni 7,000. Asubuhi tela hilo hubeba mashine mbili za kukatia nyasi, zile za kukalia, pamoja na madumu ya mafuta. Mchana huenda likajazwa udongo hadi juu. Na jioni mara nyingi linarudi nyumbani tupu. Tela langu la zamani lilikuwa dogo, lenye plagi ya pini nne na bila breki yoyote. Hili jipya lina plagi ya pini saba na breki za umeme, lakini ndani ya gari hakuna kidhibiti, kwa hiyo kwa sasa breki hizo ni pambo tu.

Madukani nimeonyeshwa vidhibiti vya aina tatu. Cha kwanza ni cha bei nafuu na kinafanya kazi kwa kufuata muda. Cha pili ni ghali zaidi na wanasema kinahisi mwendo wa gari. Cha tatu kinachomekwa nyuma kwenye plagi na kuendeshwa kwa simu. Naomba mnisaidie kuelewa tofauti zake kabla sijatoa fedha, na mnieleze pia kama nitalazimika kukata nyaya za gari.

Fundi_Waya

Ndugu Mkata Nyasi, hapo uliposema kwamba mzigo wako unabadilika kutwa nzima ndipo penye jibu lako, kuliko chapa au bei.

Kidhibiti cha muda hakijui gari linapunguza mwendo kwa kiasi gani. Ukigusa pedali, chenyewe kinaona tu kwamba taa za breki zimewaka, kisha kinapandisha umeme unaokwenda kwenye tela hadi kiwango ulichokipanga, iwe umegusa breki kwa upole ukikaribia taa za barabarani au umeikanyaga kwa nguvu zote kwa sababu mtu amekukatia njia kwenye barabara kuu ya I-35. Ukikipanga kwa ajili ya dharura, tela litakuwa linakuvuta nyuma kwa kishindo kila unapogusa breki kwenye foleni. Ukikipanga kwa ajili ya foleni, siku ya dharura tela litakusukuma kwa nyuma. Mtu anayevuta tela lenye uzito uleule kila siku, katika barabara ileile, anaweza kukizoea. Wewe sidhani.

Kidhibiti cha uwiano, yaani hicho cha pili ulichoonyeshwa, kina kihisi kinachopima jinsi gari lenyewe linavyopungua mwendo, na kinatuma umeme kulingana na kipimo hicho. Gari likisimama taratibu, tela nalo linasimama taratibu. Gari likisimama ghafla, tela linapata nguvu kubwa papo hapo. Vya zamani, kama Tekonsha Voyager, vilitumia pendulamu ambayo ulilazimika kuisawazisha kwa mkono kila ulipobadilisha mkao wa kidhibiti. Vipya, kama Prodigy P2 na P3, vinajisawazisha vyenyewe, sharti tu vifungwe vikielekea sawasawa na uelekeo wa gari, visikae upande.

Kati ya hivyo, mimi ningenunua P2. P3 ina kioo kikubwa chenye maandishi, lakini kazi ya kusimamisha tela ni ileile.

Bwana_Boti

Samahani kuingilia mada. Mimi nina tela la boti lenye breki za mafuta pale mbele kwenye shingo, ambazo zinabana zenyewe tela linapolisukuma gari. Je, nami ninahitaji kifaa hiki?

Fundi_Waya

Hapana, ndugu yangu. Breki za aina hiyo hubanwa na msukumo wa tela lenyewe, na hazihitaji kidhibiti ndani ya gari. Kuna aina nyingine inayotumia umeme kuendesha pampu ya mafuta ya breki, na hiyo inahitaji kidhibiti kilichoandikwa waziwazi kwamba kinaimudu.

Msafiri_wa_Minnesota

Ninakubaliana na Fundi Waya kuhusu uwiano, ila ningependa kurekebisha jambo moja katika swali, kwa sababu wengi hulichanganya. Kidhibiti cha simu si aina ya tatu inayopingana na zile mbili. Ninachotumia mimi ni Curt Echo, nacho pia kina kihisi cha mwendo, yaani ni cha uwiano. Tofauti ni kwamba kinakaa kati ya plagi ya tela na soketi ya gari, na simu hutumika kukipanga tu. Hata ukiisahau simu nyumbani, kinaendelea kufanya kazi kwa mipangilio ya mwisho. Sikutoboa dashibodi, na ndugu yangu akitaka kuazima tela langu, ninampa pamoja na kifaa chake akakichomeke kwenye gari lake. Kwa mtu mwenye gari zaidi ya moja, sioni sababu ya kukidharau.

Fundi_Waya

Sikidharau hata kidogo, na kwa mtu anayevuta tela mara chache kwa mwaka ningekipendekeza. Hoja yangu ni ule mkono mdogo wa kidhibiti unaobana breki za tela peke yake. Tela likianza kuyumba kushoto na kulia katika mwendo wa barabara kuu, dawa yake ni kuachia mafuta na kubana kidogo breki za tela bila kugusa pedali ya gari, ili tela linyooke kwa kuvutwa nyuma. Kwenye kidhibiti kilichofungwa chini ya dashibodi, mkono huo ninaupata kwa vidole bila kuangalia. Kwenye kidhibiti cha simu, ni lazima programu iwe wazi na simu iwe mbele yako wakati huo huo ambao macho yako yanatakiwa kuwa barabarani. Huyu ndugu anavuta tela kila siku ya kazi, na bila shaka kuna siku ataliendesha kijana wake wa kazi.

Mzee_wa_Tela

Mwenye swali, kuhusu nyaya usiwe na wasiwasi. Kama Tundra yako ilitoka kiwandani na vifaa vya kuvutia tela na ina soketi ya pini saba nyuma, chini ya dashibodi upande wa dereva kuna soketi iliyowekwa kwa ajili ya kidhibiti. Nunua waya wa kuunganishia ulioandikwa kwamba ni wa gari hilo, uchomeke upande huu na ule, na hutakata kitu. Vidhibiti vingi vina nyaya nne: mweusi wa umeme wa betri, mweupe wa ethi, mwekundu unaotoka kwenye swichi ya taa za breki, na wa buluu unaopeleka nguvu kwenye breki za tela.

Kisha lala chini ya tela uangalie nyuma ya magurudumu. Ekseli yenye breki za umeme utaiona kwa nyaya mbili nyembamba zinazoingia kwenye sahani ya kila gurudumu. Ndani yake mna sumaku. Umeme ukifika, sumaku hujibandika kwenye uso wa ngoma inayozunguka, ikaburutwa nayo, na mkono ulioishikilia ukasukuma viatu vya breki hadi vikaibana ngoma. Kila sumaku kwa breki za inchi 10 hula takriban ampea 3 kwa nguvu kamili, hivyo ekseli moja ni kama ampea 6 na ekseli mbili ni kama 12. Fundi akiweka kipimo cha ampea kwenye waya wa buluu na kupata pungufu sana ya hapo, kuna sumaku iliyokufa, waya uliokatika, au ethi mbovu. Kwa uzoefu wangu, mara nyingi ni ethi, hasa kwenye matela yanayotegemea mpira wa kuvutia (ile tufe ya chuma nyuma ya gari) kuwa njia ya kurudishia umeme.

Na kwa kuwa uko Texas: sheria ya jimbo hilo inayasamehe breki matela ambayo uzito wake wote hauzidi pauni 4,500. La kwako likijaa udongo linapita hapo, kwa hiyo usiendelee kulivuta hivyo hivyo kwenye barabara kuu ukisubiri kifaa.

Mkata_Nyasi_TX

Ninawashukuru sana wote. Nimeangalia, na nyaya zipo kwenye ekseli zote mbili, na soketi ya chini ya dashibodi nimeiona. Nimeagiza P2. Swali langu la mwisho ni hili: nguvu yake niiweke kwenye namba gani?

Mzee_wa_Tela

Namba ya mtu mwingine haitakufaa, kwa sababu inategemea uzito, hali ya breki na unene wa waya. Tafuta barabara kavu, tambarare na isiyo na magari, tela likiwa na mzigo wako wa kawaida. Piga breki chache kwanza ili zipate joto. Endesha kama maili 25 kwa saa, kisha sukuma mkono wa kidhibiti hadi mwisho bila kugusa pedali. Tela likikuvuta kwa ulegevu, ongeza. Magurudumu yake yakikwama na kuburuzika, punguza hadi yabaki kidogo chini ya hapo. Rudia zoezi hilo tela likiwa tupu, na uandike namba zote mbili kwenye kipande cha plasta ukibandike pembeni mwa kidhibiti, maana tela tupu kwa namba ya tela lililojaa litaburuza matairi. Kioo kikimulika herufi n.c. ilhali tela limechomekwa, jua kwamba kidhibiti hakizioni sumaku. Anza na plagi.

Kwa kuwa breki ni mpya, zitazidi kukamata kadiri viatu vinavyokaa sawa na ngoma, basi baada ya maili 200 hivi zikazwe upya, na hapo utarudia kutafuta namba zako. Jambo lililobaki ni ile betri ndogo ya shingoni inayobana breki tela likichomoka. Kanuni za usafiri za shirikisho zinataka breki hizo zikae zimebana kwa angalau dakika 15. Chomoa plagi ya tela kwenye gari, vuta ile pini yenye kamba, kisha jaribu kulisogeza tela kwa gari taratibu: magurudumu yakizunguka kwa urahisi, betri imekwisha au haichajiwi. Ukimaliza, rudisha pini mara moja, kwa sababu ikiachwa nje itaimaliza betri hiyo.