Ada imefutwa, mbona bado nahesabu hela?

Mjomba wa Tandahimba:
Wakuu, binti wa marehemu dada yangu kapangiwa kidato cha kwanza, shule ya kata. Ada haipo tangu Januari 2016, sawa. Ila kuna sare, madaftari, mahindi na maharage ya chakula cha mchana, na njia yenyewe ni mchanga mtupu. Hela ya korosho ya mnada wa mwisho bado haijaingia. Wazee wanasema baiskeli apewe mwanangu wa kiume, binti asubiri mwakani. Asubiri nini, na matokeo yake yanampita huyo wa kwangu? Nianzie wapi?

Ticha Newala:
Kaka, shule zikifunguliwa mpeleke hivyohivyo, hata na sketi ya msingi. Chakula ni makubaliano ya wazazi, mtoto harudishwi nyumbani kwa ajili hiyo. Ongea na mkuu wa shule mapema, wengi wanakubali ulete mahindi kidogokidogo. Kama kaya yenu iko TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, mwandikishe.

Bi Mkubwa Masasi:
Usimpangishie geto, mwanangu! Chumba cha mlango wa bati, binti peke yake, jioni bodaboda wanamletea chipsi. Mtafutie shangazi karibu na shule. Na Kiingereza aanze sasa hivi, maana sekondari masomo karibu yote yanageuka.

Mjomba wa Tandahimba:
Shikamoo Bi Mkubwa. Shangazi yupo, tuligombana kwa shamba la mikorosho. Kesho namfuata. Baiskeli anachukua binti.

Ticha Newala:
Na huyo wa kiume?

Mjomba wa Tandahimba:
Kanuna. Shule yake ni hapo nyuma ya ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, atatembea.